Mfuniko wa Tangi la Nne

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Wayne Lockyer, fundi wa majitaka katika kiwanda kimoja cha bia nje ya Brisbane, alifungua mfuniko wa tangi la nne akamkuta Tamsin Orrell chini ya ngazi, amekufa. Kucha zake zilikuwa zimeng'oka. Kufuli lililobana mfuniko lilikuwa la Wayne.

Tamsin alikuwa mtafiti. Tangini humo alifuga bakteria waliokula machicha ya bia na kutoa umeme kupitia vijiti vya kaboni.

"Asubuhi mlitukanana," Sajini Kerrin Dargie alimwambia Wayne.

"Aliniita nguruwe, nikamwita mchawi wa vinyesi. Ndizo salamu zetu, Sajini! Kufuli nalitundika pale wazi, yeyote angelibana."

"Na mchana?"

"Nilipeleka tope shambani. Peke yangu."

"Hali yako mbaya, Wayne."

Profesa Desmond Haigh, mkuu wa utafiti na mwalimu wa Tamsin, hakuonekana kuwa na shaka.

"Tangi halikuguswa mchana," alisema. "Tangu saa nane nilikuwa ofisini nikitazama umeme wake kwenye kompyuta. Bakteria hawa hawapatani na hewa. Mfuniko ukifunguliwa, umeme huanguka. Tazama, mstari umenyooka. Basi alifungiwa asubuhi, na aliyekuwepo asubuhi ni Wayne."

Akampa Kerrin karatasi yenye mstari huo. Wayne akalala rumande.

Lakini Kerrin alirudi tangini. Ubavuni palikuwa na kisanduku kilichojiandikia umeme chenyewe, dakika kwa dakika. Fundi wa polisi alikisoma: saa nane na dakika kumi mchana umeme ulianguka. Saa nane na ishirini na tano ukaanza kupanda.

Ijumaa asubuhi aliziweka karatasi mbili mbele ya Haigh.

"Mfuniko ulifunguliwa saa nane na kumi, Profesa. Kwenye kompyuta yako anguko limefutwa, na nywila ni yako peke yako. Unamfutia nani?"

Haigh alizisogeza karatasi kando.

"Wageni walikuwa wanakuja saa tisa," alisema. "Wangejenga matangi mia. Tamsin aligundua kwamba takwimu nilizowapa nilizizidisha mara mbili. Akasema atawaambia. Aliposhuka kuchukua sampuli, nikafunga. Nilitaka anyamaze saa moja tu."

"Mfuniko ukifungwa, mle hujaa gesi ya sumu. Wewe ndiye uliyewafundisha wenzako kuiogopa."

"Najua."

"Aligonga?"

"Dakika kumi na moja. Akiniita kwa jina."

"Ukiwa umesimama hapo juu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukufungua?"

Haigh alimtazama kama anayemweleza mwanafunzi mzito.

"Umeme ulikuwa unapanda."

Kerrin alitoka. Ukumbini, mama yake Tamsin alisimama, mkoba kifuani.

"Sajini, kuna mtu ambaye mwanangu alimwita?"

Kerrin alitafuta uongo, akaukosa.

"Alimwita mwalimu wake, mama. Kwa jina."