Homa Iliyojua Kalenda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi moja, ufagio ukiwa bado mkononi, redio ilitangaza kwamba serikali imeitambua rasmi sikukuu ya dini yao. Wafanyakazi na wanafunzi wa dini hiyo wangepewa ruhusa siku hiyo.

Mama aliacha kushona. Waumini wenzao mjini walikuwa wachache mno.

"Bibi yako alifukuzwa kiwandani kwa kuiadhimisha siku hii," alisema huku akijifuta machozi. "Leo, mwanangu, kamwombe mwalimu ruhusa bila woga."

Chiriku, aliyezoea kujibu kila neno, aliinama akafagia tena mahali alipokwisha kufagia. Mama hakujua kwamba kila sikukuu ilipofika, binti yake aliwaambia watu shuleni kuwa alishikwa na homa. Rafiki yake Twiga, msichana mrefu mwenye huruma, alimnakilia masomo na kumletea machungwa kila Chiriku aliporudi darasani. Sasa akiomba ruhusa, uongo wote utafichuka!

Wakati wa mapumziko alimvuta Twiga pembeni, akamweleza yote.

"Kumbe hukuwa mgonjwa! Na yale machungwa?"

"Niliyala. Yalikuwa matamu sana."

Twiga hakucheka. "Nilikuwa nakuombea upone, Chiriku. Kwa nini hukuniambia?" Akageuka, akaenda zake.

Chiriku alimtazama hadi akaingia darasani. Hata hivyo, alipiga moyo konde akaenda kwa mwalimu wa darasa.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kusema kweli."

"Marahaba," mwalimu alijibu, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akatabasamu. "Homa yako ilinishangaza muda mrefu. Inaijua kalenda kuliko mimi! Lakini kwa nini ulidanganya?"

"Niliogopa kuchekwa. Darasa zima niko peke yangu."

Mwalimu alimrudisha darasani, akawaambia wanafunzi kwamba jaribio la hesabu lililopangwa siku ya sikukuu ya kina Chiriku litasogezwa mbele. Chiriku akasimama, akaomba radhi kwa uongo wake. Ghafla Twiga akanyoosha mkono.

"Hiyo sikukuu yenu, wageni wanakaribishwa?"

"Wanakaribishwa sana!" Chiriku alijibu, na machozi yakamtoka.

"Basi nitakuja. Lakini ukinidanganya tena, utanikoma!"

Darasa zima likaangua kicheko, na Chiriku akacheka kuliko wote.

Mwalimu akasubiri watulie. "Wanangu," alisema, "uongo ulimnyima mwenzenu rafiki wa kusherehekea naye. Ukweli umempa. Nasi tujifunze: serikali inaweza kumpa mtu ruhusa, lakini kumfanya asiogope kujitambulisha ni kazi yetu sisi tunaoketi naye dawati moja."