Sauti Chumbani kwa Mama

Mchana nyumba ile ilikuwa na kelele moja tu: cherehani. Mke alishona sare za shule sebuleni. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Mama mkwe alilala chumba cha nyuma, miguu yake haina nguvu. Ukutani kwake walifunga kamera ndogo. Mke alimtazama mama kwenye simu huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Kazi iende, mgonjwa aonekane. Nani angelalamika?

Alasiri moja alitazama simu, akaona ukuta mtupu. Kamera ilikuwa imegeuka. Akairudisha kwa simu. Ikageuka tena, polepole, ikatazama mlango. Akaenda chumbani. Kamera ikamfuata. Akasogea dirishani, ikamfuata huko huko.

"Mama, nani anakichezea hiki kidude?"

"Baba yenu," mama alijibu, akitabasamu.

Baba alikuwa ameshafariki.

"Ananiita, mwanangu. Ananiambia, 'Malkia, njoo.' Nani mwingine aliwahi kuniita Malkia?"

Kweli, hakuna. Lilikuwa jina lao wawili. Tangu siku hiyo mama akaanza kukataa chakula. "Wa kunilisha ameshaniita," alisema, akageukia ukuta.

Mke akampigia mumewe.

"Umechoka, mke wangu. Pumzika."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini macho yangu ni mazima! Mama hali chakula. Tutampoteza."

Siku iliyofuata mke alikaa kimya karibu na kitanda. Jua lilikuwa linawaka nje, watoto wanacheza. Kamera ikakwaruza. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, ya upole sana.

"Malkia. Inuka. Njoo mlangoni."

Mama alishateremsha mguu mmoja sakafuni. Mke akamkumbatia kwa nguvu, akapiga kelele: "Jirani! Jirani wee, njoo!"

Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa fundi wa mitandao. Alishuka na ndala moja mguuni. Akaitazama kamera, nayo ikageuka kumtazama. Akaweka kidole mdomoni, akachomoa waya wake. Kimya.

"Shemeji, huyu si marehemu," akasema. "Marehemu hategemei umeme."

"Basi lile jina amelijuaje?"

"Mama huongea na picha ya baba?"

"Kila siku. Humwambia, 'Malkia wako niko hapa.'"

"Haya. Kamera ina macho, ina masikio na mdomo pia. Kuna mtu mbaya amejificha huko, anasikiliza, kisha anasema."

"Ameingilia wapi? Mlango nafunga kwa kufuli!"

Jirani akaonyesha ruta, kile kisanduku cha intaneti juu ya kabati. "Hapa. Huu nao ni mlango. Ndani yake mna programu inayokiendesha. Watengenezaji wakigundua tundu, hutuma sasisho la kuliziba. Chako kimewekwa kijisasishe chenyewe, hilo ni zuri. Lakini naona kwenye simu kwamba kila kikianza, kinakatwa katikati. Nani anakikata?"

Mke akainamisha kichwa. "Taa zikianza kupepesa, nachomoa."

"Eti nini?"

"Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Karakana yake iliungua. Akatuapisha: kifaa kikipepesa taa, chomoa kwanza, maswali baadaye."

"Kwa mashine zake alisema kweli, Mungu amrehemu. Hiki kikipepesa kinatibiwa. Ukichomoa, unamtoa mgonjwa kwa daktari kidonda hakijashonwa!"

Jirani akairudisha ruta katika hali yake ya mwanzo. Akaweka nenosiri jipya, refu, lisilo jina la mtu wala mwaka wa kuzaliwa. Akaanzisha sasisho. Taa zikapepesa. Mkono wa mke ukaanza kuelekea kwenye plagi.

"Mkono huo, shemeji!"

Mke akaukalia. Wakasubiri. Ruta ikazima, ikawaka, taa zikatulia.

"Na kamera?"

"Hii ni ya zamani, walioitengeneza hawaipelekei sasisho tena. Tundu lake halitazibwa kamwe. Usiiwashe. Ukinunua nyingine, uliza kwanza kama inasasishwa, na kama inajisasisha yenyewe. Na twende polisi. Huyu si wa kuachwa."

Wakaenda, wakaripoti. Mume aliporudi alisimuliwa yote. Siku hizi taa zikipepesa, hakuna anayezigusa. Ile sauti haikurudi tena.

Lakini mama bado hakula.

Mke akakaa kitandani na sahani. "Mama, tulikwambia. Hakuwa Baba. Alikuwa mwovu tu."

"Nilijua," mama akasema.

"Ulijua?"

"Nimelala na yule mzee maisha yangu yote, nisiijue sauti yake? Haikuwa yake." Machozi yakamtoka. "Lakini mchana kutwa, mwanangu, ni nani mwingine aliyekuwa akiniita?"

Mke akaiweka sahani kando. Alilia, naye hakujificha. Kisha akafuta uso kwa kanga.

"Kuanzia leo chakula cha mchana tunakula humu, mimi na wewe. Sare zitasubiri."

Mama akaitazama sahani, akamtazama mkamwana wake.

"Basi lete kijiko," akasema. "Na ukae hapa hapa. Usinitazame kwenye simu."