Kioo cha Chumba cha Tatu

YAH: MALALAMIKO KUHUSU HARUFU YA FARASI, CHUMBA CHA TATU

Hivyo ndivyo Gennadi Arkadievich, mkurugenzi wa makumbusho yetu ya wilaya, alivyoliita jambo lile, akaliundia kamati. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaazimia dirisha lifunguliwe. Nje theluji ilikuwa imefika kiunoni, na farasi wa mwisho wa wilaya alikwisha kufa zamani.

Zinaida, mlinzi wa chumba hicho, hakuhitaji kamati. Harufu ilianza siku Taisia, fundi wetu wa kukarabati vitu vya kale, alipomaliza kukiunga kioo cha shaba cha kujitazamia. Kilitoka kwenye kaburi la bibi mmoja mkubwa wa Wasarmati, wale wapanda farasi wa kale wa nyika, lile tuta lililo nyuma ya ghala la ngano. Dhahabu ilikwenda mji mkuu. Sisi tuliachiwa vipande. Watu wale walikuwa wakivunja kioo cha marehemu kabla ya kumfukia, roho isipate mlango wa kurudia. Taisia alilijua hilo, alilisomea. Lakini fundi umpe kitu kilichovunjika, ataacha kukiunga?

"Shoga, umejiona?" Zinaida alinong'ona. "Unayeyuka kama mshumaa."

"Uchovu tu."

"Uchovu gani wa kazi ya kukaa? Kivunje, Taisia, kabla hakijakumaliza."

"Hii ni mali ya serikali, Zina. Hata kuifuta vumbi naomba kibali." Akacheka, kicheko kikamwishia njiani. "Nikitazama mle namwona mtu amelala. Namwonea wivu."

Alasiri moja umeme ulikatika. Zinaida, akiwa mlangoni na birika mkononi, akasikia shanga, shanga ndogondogo kama za kushonwa kwenye pindo la suruali, zikitembea polepole kutoka kwenye kabati la kioo kuelekea mezani kwa Taisia, na harufu ya jasho la farasi ikaja nazo, na moshi wa majani machungu ya pakanga, na udongo uliofukuliwa, mpaka akashindwa kuvuta pumzi, na shanga zikasimama, na nyundo ikalia mara moja.

Taisia alikuwa amesimama, nyundo mkononi, kioo vipande vipande.

"Afadhali!" Zinaida akalia kwa furaha. "Nitasema nimekiangusha mimi. Kaa, mama, unywe chai."

Taisia akaketi sakafuni, miguu ameikunja. Kikombe akakishika kwa viganja viwili, akakinusa kwanza. Mashavu yake yalikuwa mekundu, yamejaa. Chumba hakikunuka tena. Nywele zake ndizo zilizonuka.

Zinaida akainama kuokota vipande. Katika kila kimoja kulikuwa na jicho lililochoka, likipepesa.

Kamati ilikaa tena. Ikabainika kuwa kioo kilianguka kwa mtikisiko wa trekta, kwamba harufu imekwisha, na shauri limefungwa.

Aliyekivunja kioo hakuwa Taisia. Ni yule bibi wa kaburini, alipokwisha kutoka na kuuvaa mwili wa Taisia, akamfungia mwenyewe ndani.