Moto wa Mama Felistus

Moshi ulianza kushuka siku ya Jumanne. Dohani ya nyumba ile ilikuwa ndefu na nzima, imejengwa kwa matofali ya kuchoma enzi za Wazungu wa reli, na tangu Taaka ahamie mwezi wa tatu haikuwa imemsumbua hata mara moja. Asubuhi hiyo alifungua mlango wa jiko la chuma, akachochea makaa, akaongeza kuni kavu. Moshi ukapanda kidogo, ukasita, kisha ukarudi chini polepole na kulala sakafuni. Haukumwasha macho. Ulinuka nywele zilizoungua.

Mumewe Mangeni, karani wa stesheni ya Tororo, alisema kuni ni mbichi. Wanaume wasioingia jikoni wana jibu hilo moja kwa kila balaa la jikoni, na Taaka hakujisumbua kubishana naye. Alikwenda kwa rafiki yake.

Rafiki huyo alikuwa Wilkister, Mjaluo kutoka ng'ambo ya mpaka, mke wa karani aliyefanya kazi na Mangeni, na nyumba zao mbili zilitenganishwa na ua wa michongoma tu. Siku Taaka anahamia, mvua ilikuwa imelowesha kila kitu, viberiti na vyote, na Wilkister akaja bila kuombwa, amebeba makaa mekundu juu ya kigae. Taaka aliyapokea kwa mikono miwili. Bibi yake alimfundisha kwamba moto wa kwanza wa nyumba mpya usiwashwe kwa kiberiti, utoke kwa jirani mwenye moyo mweupe. Tangu hapo hakuuacha uzimike. Kila usiku aliufukia majivuni, kila alfajiri aliufukua.

Wiki ileile Felistus, binti wa Wilkister, aliyekuwa amepotewa na sauti miezi miwili, akaanza kusema tena. Taaka alichinja kuku wake mwenyewe kwa shukrani, akala na jirani zake, akalia kwa furaha. Machozi yale ndiyo yaliyokuja kumuuma baadaye kuliko yote.

Wilkister alikuwa mtu wa haraka, akija hakai. Taaka alizoea kumtania kama mtu aliyekuja kuomba makaa tu, "Kaa basi, kwani umekuja kupalia moto?" na Anjeline, binti yake wa miaka sita, akaudaka utani huo, akawa anausema kila Wilkister akionekana mlangoni. Mtoto alikuwa na kithembe, kila herufi 's' kwake ilikuwa 'th', na watu wazima walicheka mpaka wakashika mbavu.

Basi Taaka akamweleza rafiki yake habari za moshi, akasema atamwita mzee Ikiring. Huyo alikuwa Mteso kwa kabila, fundi aliyezijenga dohani zile na aliyezisafisha kila mwaka kabla ya masika. Wilkister akakunja uso. Fundi wa nini, na Taaka mwenyewe ana mikono? Ikiring siku hizi ni mzee wa pombe tu, atambomolea nyumba. Yeye Taaka afunge tawi la miba kwenye kamba, apande ngazi, alishushe dohanini na kulivuta juu, chini, juu, chini, masizi yatamwagika yenyewe. "Mikono yako inaweza kuliko ya fundi," alimwambia, na Taaka, aliyependa kusifiwa mikono yake, akarudi nyumbani akiwa na furaha.

Alipanda. Masizi ya juu yalikuwa makavu, yakadondoka kama unga. Tawi lilipofika katikati likanasa. Akavuta, halikuja. Halafu kamba ikavutwa kutoka ndani, mara mbili, taratibu, kama mtoto anavyovuta kanga ya mamake akitaka kubebwa. Taaka aliiachia kamba yote na kushuka. Vidoleni mwake kulikuwa na masizi meusi yanayong'aa kama lami, na hayakutoka kwa sabuni wala kwa majivu.

Siku iliyofuata Anjeline aliamka na sauti ya kukwaruza. Ijumaa alikuwa ananong'ona. Taaka alimpa asali na ndimu, na Wilkister, aliyechungulia juu ya ua, akasema ni mafua ya masika, yatapita.

Jumamosi alasiri mvua ilinyesha. Anjeline alikuwa amelala chumbani, Taaka anachambua maharagwe jikoni, na mlio wa mvua juu ya mabati ukawa mkubwa hata hakuwa akiyasikia maharagwe yakianguka ndani ya ungo, lakini sauti ile aliisikia vizuri sana, ikitoka ndani ya matofali juu ya jiko, nyembamba, yenye kithembe, ikisema, "Mama, huku thio baridi," naye akasimama na ungo ukamwagika, akakimbilia chumbani, akamkuta mtoto bado amelala, kinywa wazi, mate meusi yamemchirizika shavuni, kifua kikipanda kwa shida na kushuka kwa shida, na huku nyuma yake jikoni sauti ya mtoto huyohuyo ikaanza kuimba wimbo wa kubembeleza ambao yeye mwenyewe Taaka alimwimbia tangu akiwa mchanga. Alimfunika mtoto, akatoka mbio kwenye mvua hiyohiyo kumtafuta Ikiring.

Mzee hakuwa amelewa. Alikuja, akabandika sikio kwenye matofali, akakwangua masizi kwa ukucha, akanusa. Kisha akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "masizi kavu ni kazi yako. Masizi ya kung'aa ni kazi yangu. Moshi ikirudi na dohani iko wazi, unaniita siku hiyohiyo. Kwa nini hukuniita?"

"Rafiki yangu alikataa."

"Wa hapo ng'ambo ya ua?"

Taaka akaitikia kwa kichwa. Mzee akafuta uso kwa kiganja.

"Huyu jini mimi namjua. Mwezi wa kwanza nilimkuta kwa dohani yake."

Akamweleza yote polepole. Jini huyo hukaa ndani ya moto na kupanda na moshi. Anakula sauti ya mtoto wa nyumba, akiimaliza anakula pumzi. Ukiuzima moto wake hawezi kula tena, mtoto anapona, ila alichokwisha kula anabaki nacho. Njia nyingine iko moja. Makaa yakipokewa na mtu mwingine, kwa mikono yake na kwa hiari, jini anahama nayo na kukitapika alichokula.

"Hiyo ya pili nilimwambia aiogope," Ikiring akasema. "Sikumwambia aifanye."

Taaka hakulia wakati huo. Aliteka makaa kwenye kigae kilekile alicholetewa, akavuka ua. Wilkister alifungua mlango, akakiona kigae, akaficha mikono yake mgongoni. Hakuuliza ni nini.

"Nimekuletea moto yako," Taaka akasema.

"Siwezi kuupokea, Mama Anjeline."

"Nilichinja kuku. Mtoto wako alisema, mimi nikalia. Wewe ulikuwa unaniangalia nikilia."

Wilkister alitazama sakafu. Nyuma yake Felistus alikuwa anahesabu vidole kwa sauti, moja, mbili, tatu. "Alikuwa ameanza kukosa pumzi," Wilkister akanong'ona. "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?" Kisha akafunga mlango, na Taaka akasikia komeo likiingia.

Alirudi jikoni na makaa yake. Ikiring alikuwa nje anachanganya udongo wa kuzibia. Hapo ndipo Loy alipoingia, mke mpya wa mpiga kengele wa stesheni, tumbo likiwa mbele miezi saba, nguo zimelowa, kigae mkononi. Alikuwa anatabasamu.

"Mama Anjeline, kiberiti yangu imelowa yote. Nisaidie kidogo na moto."

Tayari alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. Taaka aliitazama mikono ile, na ndani ya matofali sauti ya mwanawe ikasema kwa upole kabisa, "Mpe, mama," na Loy hakuisikia, au aliidhani ya mtoto chumbani, na Taaka akajua kwamba ni kunyoosha mkono tu, kwamba kabla Loy hajafika kwake, Anjeline ataamka na kuita maji ya kunywa kwa sauti yake mwenyewe, na hakuna mtu duniani atakayejua, isipokuwa mzee aliye nje na jirani mmoja ambaye hawezi kumsema.

Akauinua mtungi. Akamwaga maji juu ya makaa ya kigae, kisha ndani ya jiko, yote, mpaka tone la mwisho. Dohani ikalia "Mama!" kwa sauti ya Anjeline, ikaita tena na tena, kila mara ikiwa juu zaidi, naye akashika meza kwa mikono miwili mpaka ikanyamaza. Loy aliondoka amenuna. Kufikia Jumatatu stesheni nzima ilikuwa imeambiwa kwamba Taaka mchoyo afadhali auzime moto kuliko kumgawia mwenye mimba.

Ikiring aliiziba dohani juu na chini ili aliyemo asitoke. Taaka akawa anapikia uani, kwenye mafiga. Anjeline alinenepa, akakimbia, akapanda mti. Hakusema tena.

Mwezi ulipita kabla Wilkister hajaja. Alileta kikapu cha samaki wa ziwani kutoka Majanji, akasimama kwenye mlango wa jikoni, akasema pole, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Taaka akaendelea kuosha vyombo humo ndani. Wilkister akaweka kikapu chini, akageuka kwenda zake, haraka kama kawaida yake.

"Mama Felithtuth," ikasema sauti ndani ya matofali yaliyozibwa, "kaa bathi. Kwani umekuja kupalia moto?"

Anjeline, aliyekuwa kwenye ngazi za mlangoni anacheza na mawe, aliinua kichwa na kufungua mdomo, kisha akaufunga. Wilkister alishikilia mwimo wa mlango.

Taaka akasogeza kigoda, akakifuta kwa upindo wa kanga.

"Kaa," akamwambia. "Mtoto anakukaribisha."