Ukanda Uliobanduka

Walikutana kwenye foleni ya duka la vifaa vya ujenzi, saa sita mchana, watu wamebanana. Yeye fundi wa madaraja, ovaroli imeganda gundi hadi magotini. Dada aliyekuwa mbele yake alikuwa mkaguzi wa maabara ya kupima ubora wa ujenzi, kavaa gauni la njano na buti za kazini.

"Kaka, umenikanyaga."

"Samahani, dada. Macho yalikuwa kwenye gauni, miguu ikakosa msimamizi."

Akacheka. Wakatoka pale na namba za simu.

Miezi mitano baadaye fundi alikuwa akiimarisha daraja la waenda kwa miguu karibu na shule, akibandika kanda za chuma chini ya zege kwa gundi. Kazi hiyo haitaki haraka: zege lisuguliwe, likauke kabisa, ndipo gundi ishike kwa miaka.

Ijumaa mvua ikanyesha, na jioni alitakiwa ukweni kujitambulisha. Mkaguzi, ambaye ndiye aliyepaswa kuikagua kazi hiyo, akapiga simu.

"Mpenzi, zege limekauka?"

"Kavu kama mfupa, roho yangu. Niamini."

Bado lilikuwa na unyevu. Fundi alibandika hivyo hivyo, akaoga, akaenda. Mkaguzi naye alitia sahihi fomu bila kwenda kutazama.

Wiki iliyofuata, mbele ya bosi wake, mkaguzi aliuvuta ukanda mmoja kwa mashine ya kupimia. Ukabanduka wote, laini, bila hata chembe ya zege: gundi haikuwa imeshika.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu," alijibu, uso umemwiva kwa aibu. Hakumtaja mtu.

Usiku alimpigia fundi. "Ulinidanganya mimi, au watoto wanaopita pale?" Akakata.

Fundi hakulala. Asubuhi alisimama mbele ya bosi wa mkaguzi. "Sahihi ni yake, uongo ni wangu." Daraja likafungwa. Akabandua kanda zote, akasugua upya, akasubiri jua siku kwa siku.

Mkaguzi alirudi kupima. Safari hii zege lenyewe lilimeguka, gundi ikabaki imeshika. Akaandika kwenye fomu: imepita. Fundi alikuwa ameinamia buti zake.

"Nitazame."

"Naona haya."

"Hata mimi. Nilitia sahihi huku nachagua nguo ya jioni." Akaikunja fomu. "Mama anauliza utakuja tena lini."

"Kwanza nimwambie nilichofanya."

"Nimeshamwambia. Ndiyo maana anakuita."

Fundi akalia mbele ya wenzake wote, wala hakuficha uso.