Sahihi Yangu Ilimkata Mguu Binti wa Watu

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za huko mliko. Nina umri wa miaka thelathini na sita. Sina mke, sina leseni, na naishi na mama yangu hapa Nyaishozi, wilayani Karagwe. Natengeneza redio na kufunga taa za sola. Watoto wakinipita barabarani wananiita Fundi Ndege, halafu wanatimua mbio wakicheka. Siwalaumu. Jina hilo nililitafuta mwenyewe!

Msinionee huruma mapema. Someni kwanza.

Babu yangu alivuka kutoka Rwanda akiwa kijana, akitafuta kazi. Baba yangu alizaliwa huku, akawa kibarua katika shamba la kahawa la tajiri mmoja mwenyeji wa Muleba, mnunuzi wa mazao aliyekuwa na ghala pale Nkwenda. Sote tulimwita Mzee. Mzee alikuwa na mtoto wa kiume wa rika langu, jina lake Novati.

Tulipokuwa na miaka kumi na miwili, Novati aliteleza akaingia kwenye bwawa la bondeni, nami nikamvuta. Nilimvuta kwa shati, akatoka anatapika maji na kulia. Wiki hiyohiyo tukafanya omukago, kama wazee wa huku walivyokuwa wakifanya. Unajichanja kidogo karibu na kitovu, unapaka damu kwenye buni, yaani punje ya kahawa, mwenzako anaimeza yako na wewe unaimeza yake. Kuanzia hapo ni mnywani wako. Ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja! Mnywani hadanganyi mnywani, na mnywani hamhoji mnywani.

Mimi nilifumba macho, nikaimeza yake. Nilikuwa mtoto, lakini niliapa kwa moyo wangu wote...

Mzee alitusomesha sote wawili. Nasema kweli, alinisomesha mimi, mtoto wa kibarua wake! Tukasomea ufundi wa ndege, tukaajiriwa katika hanga moja, karakana ya ndege, jijini, mbali sana na nyumbani. Mama alipita nyumba kwa nyumba akitangaza habari hiyo.

Kazi yetu niieleze kidogo, maana mkasa wote umekaa humo. Kuna zile jeti ndogo za matajiri. Nyingi ni za zamani. Bodi bado ni nzima, injini bado zina nguvu, lakini chumba cha rubani kimejaa mita za mishale zilizochoka. Mwenye ndege hataki kununua nyingine, basi anatuletea sisi. Tunazing'oa mita zote, tunabomoa dashibodi mpaka inabaki mifupa, tunatoa nyaya kilo kwa kilo, halafu tunafunga vioo vikubwa vya kisasa vinavyoonyesha kila kitu kwa rangi. Ndege ya zamani inapata macho mapya. Niliipenda kazi hiyo kuliko chochote! Bosi aliwahi kunipa mita moja iliyokufa ya kuonyesha urefu wa kwenda juu. Mama akaiweka kabatini karibu na picha ya Bikira Maria, akawaambia wageni ni saa ya Ulaya.

Sasa sikilizeni. Vioo ni vya kisasa, lakini ili vijue ndege iko juu kiasi gani na inakwenda kasi gani, bado vinategemea hewa ya nje inayoingia kwa vibomba vyembamba. Kila kibomba kina nati. Nati ikilegea, hewa ya ndani inaingia, na kioo kinaanza kusema uongo kwa rangi nzuri kabisa. Kwa hiyo sheria ya hanga ilikuwa moja, wala haikuwa na mjadala: fundi anafunga, anaweka sahihi. Mkaguzi anakuja baada yake, anaishika nati kwa mkono wake, anapima kwa pampu kama kuna kuvuja, ndipo naye anaweka sahihi. Macho ya watu wawili kwa kila nati.

Novati alikuwa fundi. Mimi, kwa kuwa nilifaulu mtihani wa leseni kabla yake, nilikuwa mkaguzi wake.

Je, mnadhani nilimkagua? Miaka minne! Miaka minne nilikuwa nakagua kazi za mafundi wengine mpaka wananichukia, lakini ya Novati nilikuwa naweka sahihi tu. Nimwone mnywani wangu amefunga nati, halafu mimi nije na spana nyuma yake kama polisi? Kwetu ni sawa na kumwita mwongo mbele za watu. Tena mtoto wa Mzee, aliyenitoa kwenye jembe! Nilijiona mwungwana. Kumbe nilikuwa mpumbavu mwenye leseni.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Adventina, mwalimu wa shule ya msingi kule Kihanga. Baba yake ni mwinjilisti wa Kilutheri, mtu wa maneno machache. Siku ya kujitambulisha ikapangwa. Wajomba walishaagiza rubisi, pombe yetu ya ndizi, mama alishashona nguo. Nilitakiwa nipande basi la jioni siku ya Jumamosi.

Jumamosi hiyo tulibaki wawili tu kwenye hanga. Jeti ilikuwa imemalizika, Jumatatu irushwe kwa majaribio. Kilichobaki ni kibomba kimoja upande wa kushoto, nyuma ya kioo cha rubani mkuu. Novati alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, miguu tu inaonekana. Nikatazama saa. Kupima kwa pampu kunachukua saa nzima, na basi halingenisubiri.

Akanisemesha kutoka kulekule chini.

"Wewe nenda, mnywani. Nimeshafunga, na nimeshapima mwenyewe. Weka sahihi yako, mimi nina gundi mikononi, nitaweka yangu nikishanawa."

Nikaweka sahihi! Pale juu ya fomu, kwenye mstari wa fundi, palikuwa peupe. Hapa chini, kwenye mstari wa mkaguzi, jina langu lote, wino mweusi. Nikachukua begi langu nikaondoka napiga mluzi.

Jumapili nikajitambulisha Kihanga, wazee wakanipokea, Adventina akaniletea soda kwa magoti yote mawili. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala sitegemei kuipata tena.

Jumatatu mchana simu ikaita. Ndege ilipaa, ikaingia mawinguni, kioo cha kushoto kikasema hivi na cha kulia kikasema vile. Marubani hawakujua waamini kipi. Wakageuza warudi haraka, na kwa kuwa kioo kilionyesha kasi ndogo kuliko ile ya kweli, walitua wakiwa wanakimbia mno. Ndege ikapita mwisho wa uwanja ikaingia mtaroni. Rubani mkuu alitoka na michubuko. Rubani msaidizi, binti wa miaka ishirini na sita, alibanwa mguu na ile dashibodi tuliyoifunga sisi... Madaktari walimkata juu ya goti.

Wachunguzi wakaifungua dashibodi. Nati ya kushoto ilikuwa imezungushwa kwa vidole tu. Haikuguswa na spana!

Nilirudi mbio jijini nikijua Novati atasimama na mimi. Tumekosea sote, tutaadhibiwa sote, ndivyo nilivyojiambia njia nzima. Nikaingia kwenye chumba cha mahojiano, wakanionyesha ile fomu. Mstari wa fundi ulikuwa bado mweupe. Jina lililokuwepo ni moja tu.

Novati aliwaambia kwamba kibomba hicho hakukigusa. Alisema nilikifunga mwenyewe kwa pupa kwa sababu nilikuwa nawahi basi la kwenda kwenye posa yangu, na kwamba yeye alikuwa chini ya dashibodi akipanga nyaya. Alisema hata alinionya nisiharakishe! Alisema yote hayo akiwa ananitazama usoni, kwa sauti ya upole, kama anayenisikitikia.

Ningesema nini? Kwamba niliweka sahihi kwa sababu ya buni tuliyomeza utotoni? Leseni ikachukuliwa siku ileile. Nilipewa miezi sita ya kukata rufaa, na mwanasheria mmoja aliniambia nikipata barua ya Novati inayokiri kwamba yeye ndiye aliyefunga, nitaadhibiwa kwa uzembe wa ukaguzi na baada ya muda nitarudishiwa leseni. Barua moja tu!

Kabla ya kurudi nyumbani nilikwenda hospitali kumwona yule binti. Nilisimama mlangoni, shuka limelala bapa pale ambapo palipaswa kuwa na mguu. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja.

"Kaka, wewe uliigusa ile nati?"

Mungu anisamehe. Nilianza kumweleza habari za Novati. Nilimwambia alivyonidanganya, alivyokataa, tulivyokua pamoja... Nilizungumza sana. Aligeuza uso ukutani, muuguzi akaniomba nitoke.

Nyumbani habari zilishanitangulia. Mwinjilisti alimrudisha mshenga, akasema hawezi kumpa binti yake mtu aliyewekea sahihi kifo cha watu. Hakuna aliyekufa, lakini ungemwambia nani? Adventina aliniandikia ujumbe mfupi, akaniomba nisimpigie tena. Mama aliitoa ile mita kabatini, akaifunga kwenye kitenge, akaiweka chini ya kitanda. Wanakijiji walikuwa wakija dukani kwangu na redio mbovu, wanasema kwa sauti, "Itengeneze, ila usituangushe!" Halafu kicheko.

Novati hakupokea simu zangu. Katika mwezi wa tano wa ile sita ya rufaa Mzee akafariki, na Novati akaja kuzika Nkwenda.

Nilikwenda. Nilichimba kaburi pamoja na vibarua, nililia kama mtoto wa marehemu, maana nilimpenda yule mzee aliyenisomesha. Baada ya siku tatu watu walipoanza kutawanyika, nikamfuata Novati nyuma ya nyumba, penye uwanja wa kuanikia kahawa. Nilipiga magoti, mimi mtu mzima! Nikamkumbusha bwawa. Nikamkumbusha omukago. Nikamwambia sitaki apoteze kazi, nataka barua tu, aandike lolote la kweli.

Akacheka kidogo, wala si kwa hasira.

"Unaongelea zile buni? Yako sikuimeza."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Siku ile kabla hatujachanjana, alikwenda kumwomba baba yake ruhusa. Mzee alimwambia asithubutu, damu ya kibarua haiingii katika nyumba yake. Lakini akamwambia pia asiniudhi, kwa sababu nilikuwa nimemtoa kwenye maji, na mtu kama mimi anafaa kuwekwa karibu. Basi nilipofumba macho nikila kiapo, yeye aliificha buni yangu shavuni. Akaenda akaitema kwenye migomba.

"Wewe ulimeza yangu," akasema. "Hilo ni la kwako. Inuka, watu wanatuona."

Akaingia ndani. Sikupata barua, na sitaipata.

Kutoka Nkwenda nilipanda bodaboda, lakini katikati ya njia nikamwambia dereva anishushe, nikatembea. Nilikuwa na hasira ya kuua! Zaidi ya miaka ishirini... Miaka yote hiyo nilibeba damu ya mtu tumboni, na yangu imeozea chini ya mgomba! Na Mzee naye, mzee niliyemchimbia kaburi! Nilitembea nikitukana peke yangu, wanawake waliotoka shamba wakanipisha njia.

Lakini hasira ina mwisho wake, na ilipoisha, lilibaki lile swali la binti. Nikajiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza. Tuseme Novati angeimeza. Tuseme angenipenda kwa dhati kuliko ndugu yeyote duniani. Je, nati ile ingekuwa imekazwa? Ingelegea vilevile! Hewa haijui omukago. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewekwa pale na kulipwa mshahara ili aishike kwa mkono wake, na mtu huyo alikuwa anawahi basi.

Ndugu zangu, najua wengi wenu hamjawahi kuona jeti kwa karibu. Lakini kuna mahali mnaweka sahihi. Mnapokea mzigo ghalani, mnashuhudia hati ya shamba, mnathibitisha dawa zilizoletwa zahanati. Atakuja mtu mnayempenda, atawaambia nimeshaangalia. Nawasihi kwa machozi, angalieni tena wenyewe mbele yake! Akikasirika, acheni akasirike. Ingekuwa heri Novati aninunie maisha yake yote kuliko huyu binti kutembelea magongo.

Miezi sita ilitimia wiki iliyopita. Sikukata rufaa. Badala yake nilimwandikia yule binti barua. Niliichana mara nyingi, maana kila nilipoanza, jina la Novati lilijipenyeza. Mwishowe nilituma karatasi yenye maneno machache tu, na chini yake nikaweka sahihi yangu ileile.

Dada yangu, uliniuliza kama niliigusa. Sikuigusa.