Pua ya Mtumbwi wa Sefania

Nilishasema hii siisimulii tena. Lakini nyie mkishiba tu mnaanza: bibi, ule mtumbwi, bibi, ule mtumbwi. Halafu usiku mtu anaogopa kwenda chooni, lawama kwangu. Haya. Atakayekojoa kitandani atafua mwenyewe.

Sefania alikuwa mtu wa Myamba, huko juu milimani, mwimbaji wa kwaya ya Walutheri, sauti nzuri, mikono ya kazi. Mwingereza bado alikuwa na bendera yake pale Same. Huyo Sefania akaacha kahawa na migomba yake, akateremka nyikani hadi upande wa Kileo, kwenye mto Ruvu, eti awe mvuvi. Mtu wa mlimani, kuogelea hajui, samaki kamjua akiwa mkavu sokoni! Watu wakacheka. Hawakujua anakimbia nini.

Nawaambia mapema tusisumbuane. Sefania na mkewe Zipora walikuwa na mtoto mmoja, Dorkasi. Alipofika miezi saba akaota jino. La juu. Zamani kwetu aliyeanza na la juu aliitwa kigego. Walisema ataumaliza ukoo, na hakuachwa aishi. Wachungaji walishaikemea mila hiyo, serikali ilishaipiga marufuku, na Sefania mwenyewe Jumapili alikuwa wa kwanza kusema amina. Lakini mama mzazi wa Sefania aliliona lile jino. Akamnong'oneza siku tatu. Siku ya nne Sefania akamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko ya kaniki, ile yenye kiraka chekundu alichokishona Zipora, akasema mtoto ana homa, anampeleka kwa daktari Same.

Hakufika Same. Alimlaza kwenye kijito msituni, maji ya kifundo cha mguu, akageuka akaondoka.

Mtoto wa miezi saba hahitaji kina.

Alirudi bila mtoto na bila mbeleko. Akasema homa imemshinda, kazikwa hukohuko chini kwa sababu ya joto. Zipora akalia, akaamini. Ila Sefania hakuweza tena kulala katika nyumba ile. Ndipo akateremka. Miezi minane alikaa kwenye kibanda cha matete, hana wa kumsalimu asubuhi, anaongea na sufuria. Mwishowe akamwandikia mkewe: njoo Jumamosi na garimoshi, nitakuwa na mtumbwi, tutaanza upya. Hicho ndicho alichobakiwa nacho duniani. Yule mwanamke aje, na asijue.

Ijumaa, jua likizama, akaenda kuchagua mtumbwi.

Mashine ya kusukuma mtumbwi alishaipata. Fundi mmoja wa Same alimwekea mbili mbele yake, kubwa yenye mguu mrefu na ndogo yenye mguu mfupi. Hapo alitumia akili, akachukua ndogo. Kiangazi mto ule maji ya magoti, mguu mrefu ungelima mchanga kama jembe. Akaibeba begani hadi kwa Mwanaasha, mjane wa mvuvi, aliyekaa peke yake ukingoni kwenye mafunjo, na mitumbwi miwili ya marehemu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa milimani unayetaka kuwa kambale?"

"Ndimi, mama."

"Basi kambale chagua. Huu mrefu una tumbo, ni wa kule ziwani Jipe. Hapa utausukuma kama ng'ombe aliyekwama topeni. Huu mfupi una kitako bapa, unapita hata pale bata anapotembea kwa miguu."

Akausukuma mfupi majini. Akachukua mkaa, akachora mstari puani, maji yalipoishia.

"Mtupu unazama vidole vinne. Ukikaa nyuma na mashine yako, pua itanyanyuka, mstari utauona juu. Panda tuone."

Sefania akafunga mashine. Akapanda, akakaa nyuma.

Pua haikunyanyuka.

Ilishuka. Taratibu... kama mtu anayejiweka sawa kwenye kigoda. Mstari wa mkaa ukamezwa na maji.

Mwanaasha akainama kuutafuta ule mstari. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Teremka."

Akateremka. Pua ikapanda.

"Jaribu ule mrefu."

Akaujaribu. Nao ukainama mbele vilevile.

"Mitumbwi yangu haina kosa," Mwanaasha akasema. Alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. "Nenda nyumbani, mwanangu. Sema na Mungu wako, halafu uje."

"Mti umekunywa maji tu, mama. Nachukua huu mfupi."

Kiburi hicho. Akavuta kamba, mashine ikakohoa, ikaitika. Akaondoka.

Mwanzoni ilikuwa raha. Mafunjo huku na huku, mbingu nyekundu kidogo, hakuna mtu, hakuna hata moshi wa jiko. Akawaza Zipora akikaa pale mbele kesho. Akatazama pale mbele.

Patupu.

Lakini pua ilikuwa chini, ikilima maji.

Akasikia harufu. Mafuta ya nyonyo, yale tunayopaka watoto. Na maziwa yaliyochacha.

Halafu sauti. Kt... kt... kt... Kitu kidogo kigumu kikigonga ubao. Ndivyo anavyofanya mtoto fizi zikimuwasha, anaguguna chochote anachopata.

Mashine ikakwama. Kimya.

Kt... kt...

Sefania akainyanyua mashine. Panga lake, lile linalozunguka majini, lilikuwa limezongwa na kitambaa. Akakizongoa, mzunguko baada ya mzunguko. Kaniki. Akakuta kiraka chekundu.

Akakitupa mtoni. Akatambaa hadi mbele, akapapasa ukingo wa mtumbwi gizani. Kwa juu palikuwa na kishimo kimoja, kidogo kama punje ya mtama. Pembeni yake kingine. Na kingine. Chini ya ukingo, ambapo meno ya chini yangeuma, palikuwa laini kabisa.

Sauti ikakoma.

Kitu kikamshika kidole.

Akaruka majini. Maji ya magoti tu, mtu mzima hafi hapo. Akageuka aone mtumbwi, akaona pua imenyanyuka, inacheza juu ya maji, nyepesi. Akamshukuru Mungu. Akapiga hatua, mguu ukazama kwenye tope hadi pajani. Hatua nyingine, vilevile. Alikuwa anazama kama aliyebeba gunia. Mgongo ulikuwa wa moto na umelowa, umelowa kwa joto, mnaelewa nyie mliobeba wadogo zenu mgongoni.

Alipofika kwa Mwanaasha alikuwa ameinama kama kizee. Mama yule alisimama mlangoni na kibatari, akamtazama, akatazama nyuma ya bega lake.

"Mteremshe basi," akanong'ona. "Amechoka kubebwa."

Akafunga mlango.

Jumamosi Sefania akaenda stesheni. Zipora akashuka na furushi lake, mwembamba, anatabasamu kwa woga. Wakasalimiana. Sefania akatangulia, Zipora akafuata nyuma. Hatua kumi hazikufika.

"Sefania."

"Naam."

"Hiyo mbeleko umeifunga ya nini?"

Sefania akajishika kifuani. Fundo lilikuwepo. Kaniki mbichi, inachuruzika maji. Ile aliyoitupa mtoni kwa mikono yake.

Zipora akaja mbele yake. Akagusa kiraka chekundu kwa kidole.

"Homa, ulisema."

Hapo ndipo alipoanguka chini, akasema yote, palepale, wachukuzi wakisikia. Zipora akainama. Akaifungua mbeleko, akaikunja, akaitia kwenye furushi. Akaketi juu ya furushi lake, akampa mgongo, hadi garimoshi la kurudi lilipokuja. Hawakuonana tena.

Wapo wanaosema mti ulikunywa maji. Wanasema kaniki ilichukuliwa na mto kutoka kwa wafuaji wa juu. Viraka vyekundu ni vingi, wanasema. Sawa. Mimi meno ya Sefania niliyaona.

Kwa sababu meno ndiyo aliyolipa. Alibaki kuvua pale Ruvu peke yake, na kila alipofika asubuhi kukumba maji mtumbwini, alikuta jino puani. Lake. La juu. Halimuumi usiku, halitoki damu, asubuhi liko pale, limewekwa. Aliyalipa hivyo, moja moja, miaka, akibaki na ya chini tu kama mbuzi.

Siku lilipotoka la mwisho, mstari wa mkaa, uliozama miaka yote bila kufutika, ukaonekana. Pua ya mtumbwi ikanyanyuka juu, safi, kama alivyosema Mwanaasha. Sefania akalia kwa furaha, akidhani amemaliza kulipa.

Kisha akahisi nyuma, alipokaa, mtumbwi unazama... taratibu... na kitu kidogo kinapanda mapajani mwake.